Spika yenye vishikio vinne: kufunga waya maradufu au amplifaya maradufu bila kuunguza kitu

Swali hili limenifikia mara nyingi mno hata nimeona heri nilijibu kwa maandishi mara moja. Mtu ananunua spika nzuri, aghalabu za mtumba zilizotoka Ulaya, anazifikisha nyumbani, anazigeuza ili afunge waya, na nyuma yake anakuta vishikio vinne badala ya viwili alivyovizoea: vyekundu viwili na vyeusi viwili, vikiwa vimeunganishwa kwa vibati vidogo vya rangi ya dhahabu. Anajiuliza afunge wapi. Mmoja anamwambia kwamba spika za namna hiyo zinataka “baiwaya”, mwingine anamwambia hapana, zinataka “baiampu”, na jioni inakwisha bila muziki.

Ukitaka kusikiliza leo leo, acha vibati mahali pake, funga waya wa kawaida kwenye jozi yoyote ya vishikio, na spika itafanya kazi yake yote bila kupungukiwa na kitu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda mbele ya hapo. Usome hadi mwisho kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu kati ya njia mbili nitakazozieleza, moja ukiikosea hakuna kinachoharibika, na nyingine ukiikosea inaua amplifaya.

Tofauti ya njia hizi mbili

Ndani ya spika kuna krosova, yaani kibao chenye koili na kapasita kinachogawa sauti: besi inakwenda kwenye wufa na sauti nyembamba inakwenda kwenye twita. Kwa spika yenye wufa moja na twita moja, mpaka wa mgawanyo huo mara nyingi huwa kati ya Hz 2,000 na Hz 3,000. Spika ya vishikio vinne imeigawa krosova yake katika nusu mbili zisizogusana, na vibati ndivyo vinavyoziunganisha kwa nje.

Kufunga waya maradufu, ambako ndiko baiwaya, ni kuvitoa vibati na kupeleka waya mbili kutoka amplifaya moja: mmoja kwa nusu ya besi, mmoja kwa nusu ya sauti nyembamba. Kufunga amplifaya maradufu, ambako ndiko baiampu, ni kuvitoa vibati na kuipa kila nusu chaneli yake ya amplifaya.

Sitakuficha maoni yangu. Waya maradufu hubadilisha kitu kidogo sana, kwa sababu waya zote mbili bado zinakutana kwenye kishikio kile kile cha amplifaya. Ukiwa tayari una waya mnene na mfupi, sitegemei usikie tofauti, na ukiisikia nakushauri uombe mtu akubadilishie bila kukuambia. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani: wapo wanaoweka vishikio vinne hata kwenye spika za bei ya chini, na wapo, kama Dynaudio, walioshikilia viwili hata kwenye spika za bei kubwa. Amplifaya maradufu ina faida zaidi, ila si ile inayotangazwa. Amplifaya mbili za wati 50 hazikupi spika inayopigwa kwa wati 100. Kila moja bado inakuza wimbo mzima, na ile ya twita inatoa mkondo mdogo tu wa umeme. Unachopata ni kwamba besi nzito ikiichosha amplifaya yake, ile ya sauti nyembamba haichoki pamoja nayo. Tena kumbuka kwamba hata wati zikiongezeka mara mbili kweli, ongezeko la sauti ni desibeli 3, ambalo sikio hulitambua bila kulishangilia.

Vitu vya kuandaa

Hakikisha kwanza kwamba spika zako zina vishikio vinne kila moja. KEF LS50, kwa mfano, ina viwili tu, na hakuna kitu humu kitakachokuhusu. Spika nyingine, kama KEF R3, hazina vibati bali zina vinundu vya kuzungusha vinavyounganisha na kutenganisha nusu hizo kwa ndani. Kwa hizo, kila nitakaposema “toa vibati” wewe zungusha vinundu hadi alama ya kutenganisha.

Andaa waya wa spika wa shaba tupu. Kwa umbali usiozidi mita 5, waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha kabisa: ukinzani wake kwenda na kurudi ni kama omu 0.07. Uwe macho dukani, kwa kuwa waya mwingi unaouzwa kwa mita ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe, hiyo ni alumini, na utahitaji waya mnene zaidi kufikia matokeo yale yale.

Andaa pia koleo ya kumenyea waya, bisibisi, utepe wa karatasi na kalamu ya kuwekea alama, mfuko mdogo wa kutunzia vibati, na maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Hata ile ya bei ya chini kabisa inafaa. Usianze bila maltimita ukidhani macho yanatosha, nitakueleza yaliyonipata.

Kwa amplifaya maradufu utahitaji, juu ya hayo, amplifaya ya pili na mahali pa kuipatia mawimbi ya sauti, yaani matundu yaliyoandikwa PRE OUT nyuma ya amplifaya ya kwanza. Ukinunua ya pili mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka ukutani. Iliyotoka Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni ya volti 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240.

Sehemu ya kwanza: kutenganisha nusu za spika

Hatua hizi nne ni za lazima kwa njia zote mbili.

1. Zima kila kitu na uchomoe plagi ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

2. Tambua jozi ya besi na jozi ya sauti nyembamba. Kwa kawaida zimeandikwa LF kwa besi na HF kwa sauti nyembamba, na HF huwa juu, lakini usitegemee nafasi peke yake. Kama maandishi yamefutika, subiri hatua ya nne, maltimita itakuambia.

3. Legeza kokwa za vishikio vyote vinne na uvitoe vibati vyote viwili, chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi, kwa kila spika. Kwa spika mbili unapaswa kuwa na vibati vinne mkononi. Vihesabu, kisha uvitie kwenye mfuko.

4. Weka maltimita kwenye omu na upime. Kati ya vishikio viwili vyekundu pasiwe na njia ya umeme, na kati ya viwili vyeusi vivyo hivyo. Kisha pima kila jozi, chekundu kwa cheusi chake. Kwa spika ya omu 8, jozi ya besi husoma kama omu 5 hadi 7, na jozi ya sauti nyembamba kwa kawaida haisomi chochote, kwa sababu kapasita ya krosova inazuia umeme wa betri ya mita. Isiposoma, usidhani twita imekufa.

Hatua ya tatu na ya nne ndizo nilizozipita haraka mara yangu ya kwanza. Nilikuwa na amplifaya ya zamani kwa ajili ya besi na kiamplifaya kidogo cha aina ya D, yaani kile kinachokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, kwa ajili ya twita. Nilitoa kibati chekundu. Kile cheusi kilikuwa kimekaa nyuma ya kokwa nyeusi, kimeshika vumbi la miaka, nami nikiwa nimeinama na tochi ya simu mdomoni sikukiona. Niliwasha. Kiamplifaya kikawaka taa, kikazima, kikawaka tena, kikazima, na baada ya hapo hakikuwaka kamwe. Ikabaki harufu tu. Sababu yake ni kwamba amplifaya nyingi ndogo za aina ya D hazina hasi iliyo sawa na ardhi ya chombo. Kishikio chao cheusi nacho kina umeme wake, na kukiunganisha na cheusi cha amplifaya nyingine ni kupiga shoti. Kwa hiyo, vibati vyote, si vyekundu peke yake.

Sehemu ya pili: waya maradufu

1. Kata waya nne, mbili kwa kila spika, zote za urefu mmoja. Ukiwa na spika moja karibu na nyingine mbali, usihangaike: tofauti ya mita moja au mbili haisikiki, ila kata sawa ili usibaki na wasiwasi.

2. Bandika utepe kwenye ncha zote nane na uandike: “kushoto besi”, “kushoto juu”, na kadhalika. Ni dakika tano tu, ila ndizo zitakazokuepusha na kubahatisha nyuma ya kabati gizani.

3. Menya kama milimita 10 za ncha, zisokote nyuzi kwa vidole, na uhakikishe hakuna uzi hata mmoja uliotoka nje kugusa kishikio cha jirani. Plagi za banana husaidia hapa kuliko mahali pengine popote.

4. Funga upande wa spika: waya wa besi kwenye LF, waya wa juu kwenye HF, chanya kwa chekundu, hasi kwa cheusi.

5. Funga upande wa amplifaya. Waya mbili za chanya za spika ya kushoto ziingie pamoja kwenye kishikio chekundu cha kushoto, na mbili za hasi kwenye cheusi chake. Fanya vivyo hivyo kulia. Kama haziingii zote, na amplifaya yako ina seti mbili za vishikio vya spika, A na B, tumia vya A kwa besi na vya B kwa sauti nyembamba, kisha washa A na B kwa pamoja.

Lipo jambo moja kuhusu A na B ambalo wengi hawalijui. Baadhi ya amplifaya, hasa za zamani, ukiwasha zote mbili huzipanga kwa mfululizo badala ya sambamba. Kwa waya maradufu mpangilio huo hauwezi kufanya kazi: nusu moja ya krosova inaizuia nyingine, na utasikia sauti hafifu kama ya redio iliyofungiwa kwenye ndoo. Basi rudisha waya zote kwenye A.

Kuna pia maandishi ya nyuma yanayosema kwamba ukitumia A na B lazima spika ziwe za omu 16, na watu huogopa. Onyo hilo ni la spika nne. Hapa spika bado ni mbili, na nusu zake hazibebi sauti ile ile, hivyo amplifaya inaona mzigo ule ule iliouona vibati vilipokuwepo.

6. Washa volyumu ikiwa chini kabisa, ipandishe polepole, na usikilize kila spika peke yake kwa kutumia balansi. Sogeza sikio karibu na twita, kisha karibu na wufa. Zote mbili zikilia, kazi imekwisha.

Ukisahau kibati katika njia hii hakuna madhara, kwa kuwa utakuwa umefunga tu waya mbili sambamba. Hii ndiyo njia niliyosema haiumi.

Sehemu ya tatu: amplifaya maradufu

Anza kwa kuchagua mpangilio. Unaweza kuipa amplifaya moja besi ya spika zote mbili na nyingine sauti nyembamba ya zote mbili, au ukaipa kila spika amplifaya yake, chaneli moja ikipiga besi na nyingine ikipiga twita. Mpangilio wa pili unataka amplifaya mbili zinazofanana kabisa. Wa kwanza unaruhusu zinazotofautiana, lakini ndio wenye kazi ya kusawazisha, na wengi wetu hapa ndio tunaouweza kwa sababu amplifaya mbili zinazofanana za mtumba hazipatikani kirahisi.

Kama chombo chako ni risiva ya sinema ya nyumbani yenye chaneli 7, huenda huhitaji amplifaya ya pili. Risiva nyingi za Denon, Marantz na Yamaha zina chaguo la Bi-Amp kwenye menyu, linalozihamisha chaneli za spika za nyuma zisizotumika kwenda kwenye spika za mbele. Washa chaguo hilo kwanza, funga waya baadaye, na usitarajie nguvu mpya, kwa sababu transfoma ni ile ile moja.

1. Kamilisha sehemu ya kwanza yote, kisha upime vishikio mara ya pili. Safari hii kibati chekundu kilichosahaulika kinaunganisha njia za kutolea umeme za amplifaya mbili uso kwa uso, na hakuna fyuzi itakayowahi kila mara.

2. Chukua mawimbi kutoka PRE OUT ya amplifaya yenye volyumu na uyapeleke kwenye amplifaya ya pili. Usitumie REC OUT wala TAPE OUT. Matundu hayo hayafuati volyumu, na utakuta umepunguza besi huku twita ikiendelea kupiga kwa nguvu zake zote.

3. Sawazisha ukuzaji kabla ya kufunga spika, isipokuwa kama amplifaya zako ni pacha. Piga mlio mmoja wa Hz 100 kutoka kwenye simu, weka maltimita kwenye volti za AC, na upandishe volyumu hadi amplifaya ya kwanza isome volti 2 kwenye vishikio vyake. Ipime ya pili na uirekebishe kwa kinundu chake hadi isome vivyo hivyo. Volti 2.12 kwa 2.00 ni tofauti ya nusu desibeli, nayo inavumilika, volti 2.25 ni desibeli moja, na hapo twita itaanza kusikika kana kwamba mtu ameongeza trebo. Ukimaliza, bandika utepe juu ya kinundu ili watoto wasikiguse. Kama amplifaya mojawapo ni ya valvu, usiiwashe kamwe bila spika. Iunganishe kwanza, kisha upime.

4. Mlio ukiwa bado unapiga, gusisha ncha moja ya mita kwenye chekundu cha amplifaya ya kwanza na nyingine kwenye chekundu cha ya pili, chaneli ile ile. Ikisoma karibu na sifuri, amplifaya zinakwenda pamoja. Ikisoma karibu na volti 4, moja inageuza mawimbi, na utalazimika kubadilishana chanya na hasi za waya wa HF kwenye spika zote mbili. Kipimo hiki hakifai kwa zile ndogo za aina ya D nilizozitaja.

5. Zima, chomoa, funga waya za spika kama ulivyofanya katika sehemu ya pili, ila waya wa besi uende kwenye amplifaya yake na wa juu kwenye yake.

6. Washa amplifaya yenye PRE OUT kwanza, kisha ya pili. Wakati wa kuzima, anza na ya pili. Ukigeuza utaratibu huu, mshindo wa kuwasha utapita moja kwa moja hadi kwenye twita.

Wapo watakaouliza kuhusu njia ya tatu, ya kuitoa krosova ya ndani na kugawa sauti kabla ya amplifaya kwa kifaa kama miniDSP 2x4 HD. Hiyo ndiyo njia ambayo amplifaya mbili huonyesha thamani yake, kwa sababu kila moja inakuza sehemu yake tu ya sauti. Lakini inataka kufungua spika na kuipima kwa maikrofoni, na twita isiyo na kapasita mbele yake hufa kwa kosa moja la menyu. Usianzie huko.

Yakiharibika

*Upande mmoja hauna sauti nyembamba au hauna besi.* Waya umechomoka upande huo. Kwenye risiva, angalia kama chaguo la Bi-Amp limewashwa kweli. Lisipowashwa, nusu moja ya kila spika hunyamaza.

*Sauti ya mwimbaji imerudi nyuma na haikai katikati.* Chanya na hasi zimepishana mahali fulani. Fuata waya mmoja mmoja kwa alama zako. Kujua kama wufa imefungwa sawa, chomoa waya wake kwenye amplifaya na uguse ncha kwa betri ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni lazima isukumwe nje. Usijaribu hivyo kwenye twita.

*Amplifaya inajizima kila ukiiwasha.* Chomoa mara moja, usijaribu tena na tena kama mimi. Tafuta kibati kilichosahaulika au uzi wa waya unaogusa jirani yake.

*Kuna mvumo tangu amplifaya ya pili iingie.* Ni mzunguko wa ardhi. Chomeka amplifaya zote mbili kwenye ekstensheni moja na utumie waya fupi za RCA, yaani zile zinazotoka PRE OUT kwenda amplifaya ya pili. Yupo atakayekushauri uikate pini ya ardhi kwenye plagi. Usimsikilize, kwani pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme wa bodi.

*Nimerudi kwenye waya mmoja na sasa wufa peke yake inalia.* Vibati viko kwenye mfuko, virudishe. Kama vimepotea, kata vipande vinne vya sentimita 8 vya ule waya wako wa milimita za mraba 2.5, umenye ncha zote, na uunganishe chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi. Vinafanya kazi sawasawa na vibati vya dhahabu, na siku ukiziuza spika hizo mpe mnunuzi vipande hivyo pamoja nazo, maana asipovipata ndiye atakayepiga simu usiku akisema umemuuzia spika zisizo na twita.